Vipafu vya Marehemu

Kipafu cha Mzee Maganga kilikwama pale pale ofisini, mbele ya mgeni aliyekuja kumshawishi Milembe aachane na mafundi wake.

Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, anasubiri kubadilishiwa kichujio, anamtania binti wa mapokezi kwamba angekuwa ameshafika kwao kuposa kama si hili boksi linalomng'ang'ania begani. Utani ukakatika katikati. Taa ya kijani kwenye boksi ikawa nyekundu. Mzee akafungua mdomo, na hakuna kilichoingia wala kilichotoka.

"Shija yuko wapi?" Milembe aliuliza, ingawa yeye ndiye aliyemtuma. Shija, fundi wake, alikuwa Ushirombo. Kutoka Ushirombo hadi Kahama kwa pikipiki, katika vumbi la mwezi wa nane, fundi hufika jambo likiwa limekwisha.

Mgeni, Anselimu Rwegasira, aliweka kikombe chake cha chai chini. "Mama, naomba ruhusa yako. Kwa kipafu hiki kimoja tu."

"Ruhusa ya nini?"

"Niwaite Kituo."

Mzee alikuwa ameanza kuteleza kutoka kwenye benchi. "Waite!" Milembe alisema. "Waite upesi!"

Rwegasira akagusa kishikwambi chake. Huko mbali, katika jiji ambalo Milembe hakuwahi kulikanyaga, kitu fulani kilikitazama kipafu cha Mzee Maganga, kikaona kilango cha hewa kimenata, kikakitikisa hadi kikaachia. Taa ikarudi kijani. Kifua cha mzee kikapanda. Kisha kutoka ndani ya boksi ikatoka sauti ya kike, laini kama ya muuguzi mwema: "Pole sana, Mzee Maganga. Sasa uko sawa. Vuta taratibu."

Mzee alikohoa, akafuta machozi kwa kofia yake, akaangalia huku na huku. "Nani huyo kaniita kwa jina?"

"Ni Kituo, babu," alisema binti wa mapokezi.

"Ana sauti nzuri. Kaolewa?"

Ofisi nzima ikacheka, kicheko cha watu waliotoka kwenye hofu. Milembe hakucheka. Alikuwa akikumbuka chumba kimoja nyumbani kwake, na taa nyingine nyekundu, na binti yake Holo akimwangalia kwa macho makubwa bila kuweza kumuuliza swali lolote. Siku hiyo Shija alikuwa Isaka.

Rwegasira alisubiri kicheko kiishe. Hakuwa mtu mbaya. Milembe angefurahi kama angekuwa mbaya, kazi ingekuwa nyepesi.

"Biashara yako imekua, Mama," alisema kwa upole walipoingia chumba cha ndani. "Mafundi wako hawajakua nayo."

"Fundi wangu," Milembe alimsahihisha. "Ni mmoja. Ng'wandu tulimzika mwaka jana. Vijana wawili tuliowafundisha wamechukuliwa na kampuni za jijini, na siwalaumu."

"Basi unaelewa ninachosema. Huwezi kuwa na fundi wako mwenyewe kila tarafa. Kituo hakipandi pikipiki. Hakilali, hakiugui."

"Na masharti?"

"Ni moja. Mnatukabidhi vyote. Kila kipafu ulichouza, kila unachokihudumia, kinaunganishwa na Kituo. Na mkono wa fundi mwingine haukifungui tena. Hatuwezi kutunza kitu ambacho mtu mwingine anakichokoachokoa." Akasimama, akanyoosha shati lake jeupe. "Ijumaa nitapita. Usinijibu leo."

*

Biashara ilianzia chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, enzi ambazo vumbi lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuwamaliza watu. Migodi ilikuwa imefungwa. Mabwawa ya maji machafu yaliyoachwa nyuma yalikauka, na kila kiangazi upepo ukawa unanyanyua unga mweupe kutoka humo na kuupeleka kwenye mapafu ya watu. Wale waliochimba walikwenda kwanza. Kisha wakafuata ambao hawakuwahi hata kuuona mgodi kwa macho.

Kipafu kilikuwa boksi la ukubwa wa mkate wa slesi, lenye mrija mwembamba unaoingia chini ya mfupa wa bega. Kilichuja hewa, kikaisukuma ndani, kikaitoa, na kwa wiki za mwanzo kilikuwa kikimsoma mwenyewe: anatembea vipi, anacheka vipi, anapanda mlima vipi. Kikishamjua, humfuata kama kivuli. Kiwanda kilikuwa ng'ambo, na foleni yake ilikuwa ya miaka. Jina la mwenye kipafu lilichomwa ndani yake kule kule kiwandani, mahali ambapo hakuna bisibisi inayofika. Sheria ya kiwanda ilikuwa fupi: kipafu ni cha mwili mmoja. Mwenyewe akifa, kirudishwe kikapondwe.

Lakini kiwanda hakikuwahi kukaa matanga Kahama. Mtu akifa, msiba ukishatulia, ndugu hukaa kwenye mkeka wakagawa vitu vyake. Koti kwa mdogo wake, kanga kwa dada, jembe kwa mtoto wa kiume. Sasa ndugu hao wangekitazamaje kipafu kizima cha marehemu, kinachofanya kazi, wakakitia kwenye gunia kikapondwe, na mtoto wa kaka yake yuko chumba cha pili anatweta?

Wakaanza kukileta kwa Shija na Ng'wandu, kwa kificho kidogo mwanzoni, baadaye bila kificho. Na mafundi wakajifunza kukifundisha upya. Walikifungua, wakakilaza kifuani kwa mrithi, fundi akakaa hapo kutwa akikisikiliza, akikipunguza hapa, akikiongeza pale, mpaka kikaacha kumtafuta aliyekwenda na kikamkubali aliyepo. Jina halikubadilika. Kwanza kwa sababu haikuwezekana. Baadaye kwa sababu watu walipenda liwe hivyo. Mama mmoja wa Nyasubi alikuwa akisema mume wake bado anampa pumzi kila siku, tofauti na alipokuwa hai.

Milembe alijua haya yote. Hakuna aliyemficha. Hakuwahi tu kufikiri kwamba siku moja atakuja mtu wa kuviuliza vipafu majina yao.

*

Shija alirudi alasiri, mweupe kwa vumbi kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga. Alikaa juu ya pikipiki iliyozimwa nje ya karakana, kofia ya chuma magotini.

"Vipi Ushirombo?" Milembe aliuliza.

"Nimemkuta. Amepona."

"Na sauti yako mbona hivyo?"

"Nikiwa njiani kwenda walinipigia wa Masumbwe, mtoto wa yule mwanamke muuza mihogo. Nilipita pale pale nje kwao, Mama Holo. Ningesimama, ningemkosa wa Ushirombo. Sikusimama." Alipangusa uso, akauchafua zaidi. "Wakati wa kurudi wamenipigia tena. Wamesema nisijisumbue."

Shija alikohoa, na kikohozi chake kilikuwa kile ambacho Kahama nzima ilikitambua. Yeye mwenyewe hakuwa na kipafu.

"Yule Rwegasira amekitengeneza cha Mzee Maganga akiwa amekaa kwenye kiti," Milembe alisema.

"Nimesikia. Mzee anatangaza mjini kote kwamba kapata mchumba."

"Ungemuona, Shija. Mara moja tu. Kama mtu anayefungua dirisha."

"Sibishi. Hata mimi ningetamani." Alimwangalia. "Lakini wakiunganisha, Kituo kitauliza kila kipafu, wewe wa nani? Kitajibu, maana hakijui kudanganya. Kisha kitatazama kumbukumbu za vifo za serikali, na cha marehemu kitakizima."

"Tuwafiche."

"Uwafiche wapi? Nyasubi wamo, Majengo wamo, Mhongolo ndiyo usiseme. Barabara yote ya Isaka. Tumegawa kwa miaka, Mama Holo. Hata nikijaribu kuwataja, nitasahau nusu."

"Basi niambie nisisaini."

"Sikwambii." Alitikisa kichwa. "Nimechoka kufika kwa watu nikikuta wanachemsha maji ya kuoshea maiti. Nimechoka kuwasalimia. Huwezi kujua unamsalimiaje mtu pale."

"Niambie nisaini."

"Na hilo sikwambii. Vile vipafu vya marehemu nimevifundisha kwa mikono hii, kimoja kimoja. Najua nani anakoroma."

"Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Shija alivaa kofia yake ya chuma, ingawa hakuwa na safari. "Ningeomba nirudi kuwa mimi," alisema.

*

Kwandu alikuwa akishona sare za shule barazani. Alikuwa mtoto wa kaka yake Milembe, amelelewa nyumba moja na Holo, wamegombana kwa kitana kimoja na kulala kitanda kimoja. Holo alipofariki, vitu vilipogawiwa, Kwandu alipewa kanga, viatu vya kanisani, na kipafu. Wakati huo alikuwa hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta.

Shija alikifundisha kipafu kile kutwa nzima, na kilikubali, isipokuwa jambo moja. Holo alikuwa na tabia, kila alipotaka kusinzia, ya kuvuta pumzi mbili fupi, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi. Kipafu kilikuwa kimelishika hilo, na Shija alishindwa kukisahaulisha. Milembe alilisikia kila siku kupitia ukuta. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba hulisubiri.

"Shikamoo shangazi. Leo uso wako umeuacha ofisini?"

"Marahaba. Nina njaa tu."

"Njaa haikunji ndita hivyo. Nimesikia yule Mhaya wa mashati meupe amekuja tena. Wanasema anaongea kama taarifa ya habari." Kwandu aling'ata uzi, akageuza sketi. "Wali upo, na mlenda. Usiponiuliza mlenda na wali vimekutanaje, tutaishi kwa amani."

Milembe alikaa kwenye kigoda. Hakuinuka kwenda kula.

"Ukisaini," Kwandu alisema bila kuinua macho, "mimi ndiyo basi. Sivyo?"

"Sijasaini."

"Sijauliza hivyo."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Jirani alikuwa akimwita mtoto wake aje kuoga.

"Ndiyo," Milembe alisema.

Kwandu aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitegemea. Kisha akaanza tena kukanyaga cherehani, na alizungumza juu ya mlio wake.

"Basi usiniulize, shangazi. Najua unachotafuta. Unatafuta nikwambie, saini, mimi nimekubali, uwaokoe wengine. Sisemi. Nina sare za shule nzima hapa. Nataka niwaone hao watoto wamezivaa, wakue wazipasue, waje nishone nyingine. Nataka nizeeke niwe mbaya, nigombane na wakwe. Ukiniuliza mimi, nasema usisaini. Yule mama wa Masumbwe ukimuuliza, atasema ulichelewa nini. Na sote tutakuwa tumesema kweli."

"Nani kakwambia habari za Masumbwe?"

"Mji huu una siri gani?" Alisimamisha cherehani kwa kiganja. "Nenda ukale. Wali unapoa, na mlenda ukipoa hata mimi sitautetea."

*

Upepo ulikuja Alhamisi. Ulianza asubuhi kama ukungu upande wa mabwawa ya zamani, na kufikia adhuhuri watu walikuwa wamewasha taa majumbani. Katika hali hiyo vipafu vilifanya kazi kupita kiasi. Vichujio vikaziba, vilango vikanata.

Simu ya ofisi ilikuwa mkononi mwa Milembe. Hii ndiyo ilikuwa sehemu ya kazi ambayo hakuna mteja aliyeiona: mtu mmoja ana pikipiki, mtu mwingine ana simu, na mwenye simu ndiye anayesema nenda wapi.

Walipiga kutoka Mhongolo. Walipiga kutoka Nyandekwa. Kabla hajawajibu, wakapiga kutoka Isaka.

"Mhongolo," alimwambia Shija. Kulikuwa karibu. Hakuwa na sababu nyingine. Hakujua ni mtoto au mzee, na alijizuia kuuliza.

Mwanamke wa Nyandekwa hakukata simu. Alikuwa na sauti ya adabu, sauti ya mtu aliyefundishwa kutosumbua ofisi za watu. "Mama, tumwambie fundi yuko njiani?"

"Yuko njiani," Milembe alisema.

"Mama anasema yuko njiani," mwanamke alimwambia mtu mwingine chumbani. "Kaza moyo, baba. Yuko njiani." Kisha akarudi kwenye simu. "Amefika wapi sasa?"

Milembe alitazama dirishani. Haukuonekana hata mti wa ng'ambo ya barabara. "Amevuka daraja," alisema.

"Amevuka daraja, baba."

Aliendelea hivyo. Alimpitisha Shija kwenye shule, akamkatisha kona ya kanisa, akampandisha kilima, Shija ambaye wakati huo alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa mtu Mhongolo. Alimfikisha karibu sana na nyumba ile. Ndipo mwanamke akanyamaza, na baada ya muda akasema kwa adabu ile ile, "Basi, Mama. Mwambie arudi tu. Asije akaanguka na vumbi hili."

Isaka waliacha kupiga wenyewe.

*

"Kuna vipafu vichache," Milembe alimwambia Rwegasira siku ya Ijumaa, "nataka vibaki kwa fundi wangu. Msiviunganishe."

Rwegasira aliinua mkono haraka, kiganja mbele, kama anayezuia gari. "Usiniambie kwa nini. Na usiniambie ni vya nani."

"Sikwambii. Nauliza tu."

"Haiwezekani. Ni vyote au hapana. Ingewezekana nusu nusu, ningekwambia siku ile ile." Alishusha sauti. "Mama, kila mteja mpya ana vitu ambavyo angependa Kituo kisivione. Kituo hakimpeleki mtu mahakamani. Hakina hasira. Kinafuata tu sheria ya kiwanda, kwa kila mmoja sawa. Mpaka leo wewe ndiye uliyekuwa ukichagua. Umechoka. Nimekuona ulivyo leo."

Milembe alitazama kishikwambi mezani. Baadaye, watu walipomuuliza, alisema aliwapima wengi na wachache. Wengi wangepona na wachache wangekufa, na mwenye biashara inayobeba roho za watu lazima apime hivyo. Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa linasemeka. Ambalo hakulisema ni kwamba alitaka ile simu itoke mkononi mwake. Hakutaka tena kumpitisha mtu kwenye daraja ambalo hakulivuka.

Aliweka kidole, akasaini.

*

Jumatatu vipafu vyote viliunganishwa. Upepo ulivuma tena siku ile, mkali kuliko wa Alhamisi, na Kahama nzima hakufa mtu. Taa zilikuwa nyekundu, zikarudi kijani, watu wakaitwa kwa majina na kupewa pole. Shija alishinda karakanani akipangusa bisibisi zake. Hakuna aliyemwita.

Simu ya Milembe iliita jioni. Ilikuwa ile sauti ya kike.

"Mama Milembe Luhende, habari za jioni. Tumebaini kwamba Holo Jilala, mwenye kipafu kilichosajiliwa nyumbani kwako, ametangulia mbele ya haki. Kituo kinakupa pole sana kwa msiba huu mzito."

Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyekuwa amempa tena pole ya Holo. Aliona aibu kwamba kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa shukrani.

"Kwa kawaida," sauti iliendelea, "kipafu cha marehemu huzimwa siku hiyo hiyo. Lakini Kituo kinajivunia kuwahudumia watu kwa kuheshimu desturi zao. Kwa eneo lenu, tutakiacha kiendelee hadi arobaini. Baada ya hapo tutakizima wenyewe, kwa staha. Familia haitahitaji kufanya lolote."

"Anayekivaa yuko hai."

"Ndiyo, Mama. Tunaona kinatumika."

"Kuna mtu anapumua humo! Anaitwa Kwandu. Yuko hapa barazani, anashona vifungo, unanisikia?"

"Tunakusikia. Kumwachilia mpendwa si jambo jepesi." Ilinyamaza kidogo, kama mtu mwenye huruma anavyonyamaza. "Pole sana, Mama."

Milembe alimpigia Rwegasira. Alipokea, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuomba usiniambie, Mama." Mkataba ukivunjwa, alieleza, Kituo huzima kila kilichounganishwa, cha marehemu na cha walio hai, kwa siku moja. Kuhusu kipafu kipya, angemwandikisha binti kwenye foleni ya kiwanda leo leo. Wote wawili walijua foleni ile ilivyo, na hakuna aliyeitaja.

Shija alikichukua kipafu kilichokuwa rafuni, ambacho hakikuwa na mtu, akajaribu kukifungua aone kama mkono wake bado unaruhusiwa. Alipogusa skrubu ya kwanza, kikalia mara moja na kujifunga, na hakikuwaka tena. Alikiweka mezani taratibu.

"Wamenifungia nje," alisema.

*

Simu zile zilipigwa nyumba nyingi jioni hiyo. Watu walizisikiliza, wakatazamana, na kwa kuwa hawakujua la kufanya, walifanya wanalolijua. Msiba ulikuwa umetangazwa. Pole zilikuwa zimetolewa. Kesho yake asubuhi mikeka ikatandikwa.

Nyumbani kwa Milembe wanawake walikuja na kuni vichwani, na sukari, na sufuria kubwa za mtaa. Wanaume wakakaa nje kwenye viti vya plastiki, wakiongea chini chini. Waliingia wakiwa wamejitanda kanga, wakakaa, kisha wakamwona Kwandu ameketi nyuma ya cherehani na taa yake ya kijani begani, anawaangalia.

"Mmekuja kunizika au kunisaidia kazi?" aliuliza.

Mama mmoja aliangua kilio. Mwingine akamfinya.

"Kama ni kazi, vifungo vile pale," Kwandu alisema. "Sindano zipo kwenye kopo. Shule inafunguliwa mwezi ujao, na mimi sijui ratiba yangu ikoje."

Basi wakashona. Waliketi kwenye mikeka ya matanga, miguu wameinyoosha, wakatia vifungo kwenye mashati madogo meupe, na mara kwa mara mmoja wao alisahau na kuanza kuimba wimbo wa maombolezo, akanyamazishwa, au hakunyamazishwa. Kwandu aliinuka akawapelekea chai. Walijaribu kumpokonya birika. Aliwakatalia.

"Kaeni. Hapa ni kwetu."

Milembe alikaa mlangoni. Kila aliyeingia alimpa mkono na kumwambia pole, Mama Holo, na yeye alijibu asante, kwa sababu hakuna jibu jingine la pole.

Karibu na adhuhuri alifika mwanamke mgeni, miguu imejaa vumbi la safari, mtoto mgongoni na jogoo mwekundu kwapani. Alikuwa anatabasamu kabla hata hajafika getini. Alitoka Ngogwa, alisema, akitafuta nyumba ya mwenye vipafu. Jana wakati wa upepo mwanawe alikuwa amekwisha, mikono imelegea kabisa, wamekwishaanza kumwita baba yake shambani. Ndipo sauti ikatoka kwenye boksi, ikamwita mtoto kwa jina, na mtoto akavuta pumzi. Hakuweza kulala bila kuja kushukuru kwa miguu yake mwenyewe. Aligeuka ili wamwone mtoto. Alikuwa amelala, mdomo wazi, shavu limebanwa kwenye mgongo wa mama yake, taa ya kijani inawaka.

Ndipo mwanamke alipoiona mikeka. Aliona kuni, sufuria, kanga walizojitanda. Tabasamu lilimshuka, akapiga goti palepale uani, jogoo bado kwapani.

"Jamani, nisameheni. Sikujua kama mna msiba." Aliangalia uso mmoja baada ya mwingine. "Ametutoka nani?"

Sindano zilisimama.

Kwandu alikuja na kikombe, akainama akampa kwa mikono miwili.

"Bado, mama," alisema. "Kaa upumzike, unywe chai. Umetembea mbali."

Mwanamke alipokea kikombe bila kuelewa. Na kwa kuwa hakujua afanye nini na mkono wa pili, akamnyooshea Milembe yule jogoo. Milembe aliinuka kutoka mlangoni. Watu wote walikuwa wanamtazama, na Kwandu alikuwa anamtazama. Alimpokea jogoo kwa mikono miwili, kama zawadi inavyopokelewa, akasikia moyo wake ukipiga upesi upesi chini ya manyoya.

"Asante," alisema. "Mtoto akue."